Kiti cha Mlinzi

Mwizi wa benki alimuua mume wangu, akafungwa miaka kumi na minane, akatoka, akatengenezewa filamu. Magazeti yalimwita Muungwana, eti kwa sababu aliwaamkia makeshia kabla ya kuwalaza chini. Mume wangu, mlinzi wa mlangoni, hakuamkiwa. Alipigwa utosini kwa kitako cha bunduki, na ripoti ya benki ikaandika kwamba alipigwa akiwa kitini, amelala.

Kiti hicho ndicho kilichonipeleka kwenye ukumbi walimokuwa wakipiga picha za filamu hiyo. Walinzi wa mchana hawakupewa kiti hata siku moja, ilikuwa amri ya kampuni yao. Mume wangu alisimama kwa saa kumi na mbili kila siku, na kila jioni nilimkanda miguu kwa maji ya chumvi, vifundo vimeumuka kama maandazi. Lakini mama mkwe aliingia kaburini akiamini kwamba mwanawe aliponzwa na uvivu, na kwamba uvivu huo aliufundishwa na mimi.

Nikakikuta kiti. Tena chenye mto mwekundu! Mwigizaji amejibwaga juu yake, anakoroma, mafundi wa taa hawana mbavu.

"Mama, yaliyopita si ndwele," mwongozaji aliniambia bila kunitazama. "Ni kichekesho kidogo tu, watazamaji wapate kupumua."

"Mume wangu naye alitaka kupumua."

Muungwana mwenyewe alikuwepo, mshauri wa filamu, kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nikamuuliza mbele ya wote: mume wangu alikuwa amelala?

"Alilala kama pono, dada." Akatabasamu.

Nilitamani kumrarua uso ule. Wakaniweka pembeni, wakaanza mazoezi. Kijana aliyeigiza mwizi akanyanyua bunduki ya mbao kidogo tu, akamgusa yule wa kitini kichwani. Muungwana akasonya. Hakuvumilia kuona kazi yake ikiharibiwa.

"Sivyo! Unatwanga karanga? Lete hapa."

Akasimama nyuma ya kiti, akafumba macho akikumbuka. Akajiinua kwenye ncha za vidole, mikono juu ya kichwa chake mwenyewe, akapiga. Bunduki ikapita hewani, mbali juu ya kichwa cha mwigizaji, na Muungwana nusura aanguke.

Mume wangu aliinama kila alipoingia jikoni kwetu, kwa urefu wake.

"Rudia," nikasema. "Waonyeshe tena ulivyompiga mtu aliyelala."

Hakurudia. Mwongozaji alikohoa. "Kiti kinabaki. Tuendelee."

Mwigizaji wa mlinzi akainuka, akaweka kofia yake sawa, akaenda kusimama mlangoni. "Mimi nipigwe hapa," akasema. "Au tafuta mwingine."

Nikakivuta kile kiti mpaka mbele ya Muungwana. Nikakikalia, nikamkodolea macho, nikisubiri athubutu kuninyanyua.