Baba Yake Mirumbe

Mzee Mirumbe alipotia lango na kufuli kwenye njia ya chemchemi iliyopita shambani kwake, wanawake wa kijiji kile kilicho nje kidogo ya Isebania walisema mengi, lakini waliyasemea jikoni. Nani angemkabili? Mwenye malori ni mwenye malori. Chifu alikula Krismasi kwake. Paa la kanisa alilitoa yeye, basi mchungaji naye akaanza kuumwa koo. Hata mwenyekiti wa chama cha akina mama, aliyekuwa na mdomo kama cherehani, mwanawe alikuwa utingo kwenye lori la Mirumbe. Kila mtu alikuwa na jambo lake kwa mzee huyo.

Beverly, aliyeolewa hapo kutoka Magunga, hakuwa na ndugu wa kumsemea hapo. Alikuwa na mumewe tu na Cephas, mtoto asiye na jino hata moja, aliyeanza kuharisha tangu uji wake upikwe kwa maji ya mto. Zahanati walimwonya: tafuta maji safi, ama utamleta hapa akiwa hoi.

Mumewe, Maroa, mziba pancha, alikwenda kuzungumza na Mirumbe. Alitaniwa, akapewa chai, akaambiwa, "Babu, nenda kalale."

Babu? Beverly, ambaye hakuwa Mkuria, hakuelewa, maana Maroa hata ndevu za kunyoa hakuwa nazo. Maroa akamweleza kwamba Wakuria hawatazami mvi, wanatazama kizazi, na kizazi mtu hukirithi kwa babake. Yeye alitoka kwenye ukoo wa vitinda mimba, Mirumbe kwenye ukoo wa vifungua mimba; vizazi vya vifungua mimba hukimbia, vya vitinda mimba hujikokota, ndiyo maana kijana akawa babu na mzee akawa mjukuu. Na babu na mjukuu ni watani, neno la mmoja kwa mwingine huishia kwenye kicheko. Beverly alicheka mpaka akasahau kuuliza la maana.

Kesho yake mtoto alishindwa hata kunyonya. Beverly akamfunga mgongoni, akaenda mwenyewe. Liwalo na liwe! Mirumbe alikuwa barazani na wageni wawili kutoka Sirare. Beverly alikuwa amejiandaa kupiga magoti, lakini kabla hajafika chini, mzee akasimama na kuvua kofia.

"Huyo ni wa Maroa?"

Beverly akaitikia. Mzee akainama, yeye na tumbo lake lote, mpaka kichwa kikawa sawa na cha mtoto.

"Tata," akamsalimu, yaani baba.

Wageni nao wakasimama. Cephas akamtazama, akatoa mapovu ya mate, yakaangukia upara wa tajiri. Yesu wangu! Beverly akavuta ncha ya leso apanguse, lakini mzee akamshika mkono, akasema kwa upole kwamba baba akikutemea mate amekubariki, hayapanguswi.

Hapo ndipo Beverly alipoelewa. Ikiwa Maroa ni babu, mwana wa babu ni nani? Mtu aliyeogopwa na chifu na kanisa alikuwa ameinama mbele ya mtoto wa Beverly, na hakuwa akitania hata kidogo.

"Basi baba yako anaharisha," akasema. "Anakunywa maji ya mto, kwa sababu njia umeifunga."

Mirumbe akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, "Amenikasirikia?"

"Hajui kusema. Analia tu."

Mzee hakumtuma mtu. Alichukua ufunguo mwenyewe, akateremka na kandambili zake, akafungua kufuli na kuitia mfukoni. Wanawake waliokuwa shambani waliacha majembe wakatazama, na hakuna aliyethubutu kushangilia.

Jioni Beverly alichota maji ya chemchemi, akayachemsha, akampikia mtoto uji. Cephas akanywa, ukakaa tumboni. Kisha akalowa. Mama yake akanyoosha mkono kumvua nepi, akasita, akamtazama usoni.

"Samahani, mzee," akasema, na hakucheka.