Puto la Kinyozi

Kinyozi alikuwa mnene wa kupigiwa mfano. Akiinama kukutengeneza ndevu, kitambi chake kilifika begani mwako kabla ya mashine kufika shavuni, na wateja walishazoea kukiegemea. Yeye alicheka nao. Magoti ndiyo hayakucheka: kusimama kutwa nzima kulimrudisha nyumbani akishika kuta, na sukari nayo ilianza kupanda.

Dada yake mkubwa, muuguzi, hakumbembeleza. Alimpeleka moja kwa moja kwa daktari wa maputo ya tumboni. Hakuna kupasuliwa, daktari alieleza. Unasinzishwa kidogo, puto tupu linashushwa kooni, kisha linajazwa maji ya chumvi yenye rangi ya buluu. Linakaa miezi sita, nawe unashiba upesi. Ile rangi ni ya kutoa taarifa tu. Siku mkojo ukigeuka kijani, ujue puto linavuja, uje mbio, maana likisinyaa laweza kuteremka na kuziba utumbo.

Wiki ya kwanza alijuta kuzaliwa. Alitapika hata maji, mkewe akimshikia beseni. Kisha tumbo likatulia. Akawa anakula katika kisahani cha kitinda mimba wake, na jioni anatembea na dada yake, wakizozana njia nzima kuhusu nani alikuwa kipenzi cha mama. Kufikia mwezi wa nne alikuwa amepungua kilo kumi na tatu.

Asubuhi moja alimwacha mwalimu wa hesabu kitini, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akaenda chooni mara moja. Alirudi uso umemshuka. Mwalimu alimwona kwenye kioo, akauliza kulikoni.

"Nimekojoa kijani, Mwalimu. Puto limetoboka."

Habari za lile puto zilijulikana mtaa mzima, kwa hiyo mwalimu hakuhitaji maelezo. Alijivua kitambaa shingoni, akachukua funguo za gari, wakaondoka. Pale mapokezi mhudumu alikitazama kile kichwa nusu kwa nusu, akamsogezea mwalimu kiti cha magurudumu. Ilibidi kinyozi ajieleze kwamba mgonjwa ni yeye.

Puto lilitolewa salama, kabla halijateremka utumboni. Alipozinduka alimkuta dada yake kando ya kitanda, machozi yakamtoka.

"Ilibaki miezi miwili, dada. Nitarudi kulekule."

"Puto lilikuwa linakushibisha," dada alimjibu. "Halikuwa linakutembeza. Hiyo miguu ni yako."

Mwalimu alirudi kesho yake amevaa kofia, akamaliziwa kichwa. Njaa nayo ilirudi siku ya tatu, na safari hii haikubisha hodi. Kinyozi alikula sahani mbili zilizojaa, akajilaza akiwa na hasira na nafsi yake. Mkewe alitoa vyombo.

Jioni iliyofuata dada yake alikuwa anajiandaa kumfuata na maneno makali mdomoni. Alipofungua mlango akamkuta kizingitini, kamba za viatu zimefungwa, anamwambia afanye haraka, jua linazama.

Mwaka ulipoisha alikuwa amerudisha kilo mbili tu, na daktari alikuwa hajamwandikia dawa ya sukari. Kwenye kilima cha nyuma ya shule, wanachopanda kila jioni, sasa ni dada ndiye anayeomba wapumzike kidogo.