Kichipukizi cha Mwisho cha Waridi la Mama

Waridi la marehemu mama yake lilikauka uani, likabakiza kijiti kimoja kibichi. Binti akakipeleka maabara anakofanya kazi ya kuotesha maua ndani ya chupa. Siku ya kwanza alikata vipande vya kijiti, akavitia chupani, kisha akashusha barakoa akavisemesha, kama mama alivyozoea kuyasemesha maua yake. Pumzi ikapeleka vijidudu. Chupa zote zikaota ukungu.

“Kijitini kimebaki kichipukizi kimoja. Leo funga mdomo, Kasuku,” msimamizi alimwambia kwa upole.

Alikikata kimyakimya, akakitia chupani na kukaza kifuniko.

Majuma yakapita. Asubuhi moja msimamizi akamwita. Chupa ilikuwa safi, na jani dogo jekundu limechomoza.

“Kifuniko kimekaza. Haya, msemeshe.”

Alishusha barakoa, akaegemeza paji la uso kwenye chupa.

“Shikamoo, mama.”