Waya wa Chumba cha Kujifungulia

Ile nyama ya mbuzi ndiyo iliyonitia kichefuchefu kwanza. Kamati nzima ya zahanati yetu, huku upande wa Nkoma, ilikaa barazani kwangu ikiguguna mifupa ya mbuzi aliyetolewa na Kristofa, mafuta yakiwachuruzika mpaka viwikoni, na huku ikiamua kwamba wajawazito wakae gizani.

Kristofa alikuwa mnunuzi wa pamba, mmoja wa wale walioingia serikali ilipowaruhusu watu binafsi kununua. Alikodi ghala la ushirika lililopakana na zahanati. Kanisa lilikuwa limetupa paneli za sola na betri. Yeye akaongeza injini ya dizeli, ili mawingu yakitanda betri zisikose moto. Fundi Maganga akaja kutoka Bariadi kuunganisha vyote kwenye boksi moja la chuma. Alinieleza mimi, nesi, kwa subira: waya wa paneli unaingia hapa, wa injini pale, boksi lenyewe linachagua kipi kichaji na linazuia betri zisijae kupita kiasi. Chini yake kulikuwa na njia mbili za kutolea umeme. Betri zikianza kuchoka, boksi linakata njia ya kwanza ili ya pili iendelee.

Maganga alikuwa ameshashika waya wa chumba cha kujifungulia, aufunge kwenye njia ya pili. Kristofa akasema hapo ni pa ghala lake. Injini ni yake, na mizani yake haiwezi kulala gizani ikaibwa. Nikamuuliza mkewe akishikwa na uchungu itakuwaje. Akajibu huku anachokonoa meno kwamba mke wake hatazalia hapa, atampeleka Mwanza. Wanakamati wakacheka. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Masunga, akajifuta midomo na kusema mwenye injini asikilizwe. Waya wetu ukafungwa njia ya kwanza, boksi likatiwa kufuli, ufunguo akapewa Masunga autunze.

Msimu ukaisha, Kristofa akaondoka na injini yake. Betri zikabaki na jua peke yake, na ghala lililofungwa likabaki na taa inayowaka usiku kucha, ikimulika mizani na panya. Kila jioni chumba changu kilikatiwa umeme. Nilizalisha kwa koroboi, moshi ukiniingia puani, na kila nilipomwendea Masunga alisema tumsubiri bosi Kristofa. Nilimchukia mzee yule, sifichi. Hata salamu yake ilinitia kinyaa.

Siku moja, magharibi, alifika na mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amemleta mkwewe Ng'washi aliyeshikwa na uchungu, mke wa kijana wake Shigela aliyekuwa Lamadi kwenye biashara ya samaki. Mke wa mzee, Felisita, akaingia ndani na mkwewe. Masunga akabaki nje, maana kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawasogeleani, wala hawazungumzi ana kwa ana. Mtoto akatoka salama. Ila damu ya mama haikukata. Koroboi ilikuwa inafuka moshi mkononi mwa Felisita, na mimi sikuona palipochanika nipashone.

Nikamwachia Felisita akandamize kitambaa, nikatoka na glavu zangu zilivyo na damu, nikaomba ufunguo.

"Mayu, bosi akija nitamwambia nini?" Masunga akauliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Basi ingia wewe, umshikie mkweo taa."

Akaruka nyuma. Akaziangalia glavu zangu, akautupa ufunguo chini. Nilifungua boksi, nikalegeza skrubu kwa ncha ya mkasi, nikautoa waya wa ghala na kuuweka wetu mahali pake. Taa ya chumbani ikawaka. Nikavaa glavu nyingine, nikapaona, nikashona, na damu ikakata.

Asubuhi Masunga alikuja na jogoo mkononi. Akanishukuru sana, akamsifu mjukuu wake, kisha akasogea mlangoni na kupunguza sauti.

"Sasa mtoto ameshazaliwa. Urudishe ule waya kabla watu hawajampelekea bosi maneno. Na ufunguo nipe."

Nikaufumbata ule ufunguo mfukoni. Ng'washi akaniita kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa macho, na alikuwa amesikia yote. Midomo yake ilikuwa mikavu, uso hauna rangi. Akaninyooshea mkono.

"Nesi, huo ufunguo nipe mimi."

Nikampa. Akausokomeza ndani ya kanga aliyomviringishia mtoto, akamgeuza mtoto upande wa ukutani na kumkumbatia.

Nikatoka. Nikamwambia Masunga ufunguo uko kitandani kwa mkwewe, aingie akauchukue.