Prosesa Ndani ya Fundo la Kikwembe

Waliokuwapo Jumapili hiyo baada ya misa, katika chumba cha kazi cha Mzee Vénuste pale Cyangugu, mpakani mwa Rwanda, walikuwa watano: Mzee Vénuste mwenyewe, fundi wa saa; binti yake Umuhire, nahodha wa timu ya michezo ya kompyuta; Ghislain na Divine, wachezaji wenzake; na Maman Nzigire, mama yake Divine, mchuuzi wa Bukavu. Kompyuta mbili kati ya tatu za timu zilikuwa mezani, kubwa ikiwa imefunguliwa ubavu.

Mashindano yangekuwa Jumamosi iliyofuata, na prosesa, ubongo wa kompyuta kubwa, ilikuwa imezidiwa. Kila vita vilipopamba moto, picha ziliganda. Ghislain alitaka prosesa ya kizazi kipya. Lakini hiyo haikai kwenye bodi ya zamani, na ili kupata bodi nyingine ingebidi kompyuta ya pili iuzwe, yaani Divine abaki mtazamaji. Umuhire alichagua iliyo bora katika kizazi kilichopita, kwa kuwa inaingia kwenye bodi ileile. Maman Nzigire alitumwa kuichukua kwa jamaa yake ng’ambo ya mpaka, upande wa Kongo.

Sasa Maman alifungua fundo kwenye pembe ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, akaiweka prosesa mezani, tupu kama ilivyozaliwa. Umuhire aliigeuza, akaisogeza karibu na macho. Upande mmoja pini zake, vijiti vyembamba vya kuichomeka kwenye bodi, zilikuwa zimelala.

“Maman, kisanduku yake iko wapi?”

“Nilitupa. Kisanduku inaita mwizi, kikwembe inanyamaza. Miaka kumi na tano niko nafunga feza mu kona hii, hata franga moja haijapotea.”

“Feza haina miguu, Maman,” Ghislain alisema. “Hii iko na miguu zaidi ya elfu moja na mia tatu, na wewe umeikunja magoti.”

“Wee! Ungeenda wewe, ungeileta mu kikapu ya sambaza, inanuka samaki.”

Divine peke yake hakucheka. Alikuwa amefunika kipanya cha kompyuta ya pili kwa kiganja, kama mtu ashikaye mkono wa mgonjwa.

“Batoto, munyamaze kidogo,” alisema Mzee Vénuste. Alivaa kioo chake cha kukuzia jichoni, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akajifanyia ishara ya msalaba.

“Miaka makumi ine niko nafungua saa,” alinong’ona. “Nilizania saa ndiyo mwisho ya udogo. Muntu gani alipanda hii?”

Alimkabidhi binti yake kioo. Umuhire alitazama. Aliona shamba la dhahabu, mstari kwa mstari, limenyooka kuliko matuta yote ya Nyakarenzo, kana kwamba mkulima wake hakuchoka wala kukosea hata mara moja. Na ukingoni, mashina kumi na moja yalikuwa yameinama, kama baada ya mvua ya mawe.

“Papa, nyoosha wewe.”

“Mikono yangu inatetemeka sasa. Shika koleo. Usisukume, uiombe.”

Aliomba pini moja baada ya nyingine. Ya saba ilikataa. Aliiacha, akafanya ya nane, akairudia, ikasimama. Alipoishusha ile prosesa kwenye bodi, ilizama yenyewe bila kuguswa, kama jiwe katika maji ya Kivu. Alipaka dawa ya kupitisha joto, akafunga feni, akawasha.

Vita vya mchezo vilifunguka kwenye skrini. Moshi ulipanda, majani elfu yakapepea kila moja kivyake, wapiganaji wakashuka mlimani kama mto, na hakuna kilichoganda. Maman Nzigire alikuwa ameweka mkono mdomoni.

“Vyote hivi,” alisema, “nilikuwa nimevifunga mu kikwembe?”

Ghislain alikuna kichwa. “Nahodha, mie nimenyamaza.”

Umuhire alisimama. Aliwatazama wote, akaishia kwa Divine.

“Musikilize. Hii ndiyo prosesa yetu, na hatuuzi kitu. Mashine ya pili ni ya Divine, na Jumamosi tunacheza watatu. Na kuanzia leo, Maman, prosesa inavuka mpaka mu kisanduku.”