Penina na Ng'ombe wa Kuazima

Penina Tluway alipowaambia watu wa Karatu kwamba amepata kazi ya kutengeneza programu za kompyuta, hakuna aliyemwamini. Karatu kazi zinajulikana: unaendesha watalii, unawapikia watalii, unawatandikia watalii vitanda, au unalima. Kukaa kwenye kiti cha plastiki, chumbani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ukalipwa na watu usiowaona, ni mambo ambayo kwa kawaida huishia polisi.

Mama yake, Antonia, alipanda basi kutoka Mbulumbulu akaja kujionea mwenyewe.

"Unafanya nini hasa?"

"Naandika kodi, mama."

"Kodi? Umeajiriwa mapato?"

"Kodi za kompyuta, maagizo ya kuiendesha. Ni kama fildi, mafunzo ya kazini. Kuna mtu ananifundisha, na nalipwa."

"Fildi ya kulipwa!" Mama alicheka mpaka akakaa kitandani. "Kaka yako alifanya fildi mwaka mzima, hata chai alijinunulia."

Penina akamweleza. Programu yenyewe ilitumiwa na zahanati ndogo katika nchi nyingi kuandikia wagonjwa. Ilikuwa huria, yaani mtu yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, kuifungua na kuirekebisha. Wafadhili fulani walikuwa wanawalipa vijana wa nchi kama yetu wajifunze kazi hiyo kwa miezi kadhaa, kila mmoja akiwa na mlezi wake. Mlezi wa Penina aliitwa Sarita, mama wa makamo wa huko Nepal, ambaye alikuwa hajawahi kumsifu hata mara moja.

"Kwa hiyo unalipwa kutengeneza kitu, halafu kinagawiwa bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyo anayekulipa, ndugu zake wanajua?"

Mama alirudi Mbulumbulu akiwa na amani kidogo. Penina akaendelea na kazi, na angeendelea vizuri tu, ila wafadhili walitaka kuona matunda, na matunda ya mradi hayaonekani mpaka yapigwe picha.

Aliletwa Dickson, afisa mawasiliano wa mradi kutoka Dar es Salaam, na mpiga picha mmoja Mzungu, na gari lililojaa vifaa ambavyo vingetosha kupiga filamu ya harusi ya rais. Dickson aliingia chumbani kwa Penina, akatazama jiko la gesi, ndoo, na ukuta uliopakwa rangi ya bluu.

"Hapa hapana hadithi," alisema kwa huruma. "Mngekuwa na ng'ombe je?"

"Kwetu ni Mbulumbulu. Mimi ni Mwiraqw. Tunalima ngano."

"Ngano hata kwao ipo," Dickson alisema, akimtazama Mzungu. "Twende Endulen, kwa Wamasai."

"Leo siwezi. Toleo jipya la programu linatoka jioni, na kuna kosa la tarehe sijalimaliza." Kosa hilo lilichanganya siku na mwezi, hivyo mtoto wa kuchanjwa tarehe tano mwezi wa tatu angeitwa zahanati tarehe tatu mwezi wa tano. Wiki nzima Penina alikuwa akitafuta chanzo chake.

"Tutawahi kurudi," alisema Dickson, kwa uhakika wa mtu ambaye barabara ya Endulen hajawahi kuiona.

Walifika mchana, mifupa ikiwauma. Mfugaji waliyeelekezwa aliitwa Supeet, mtu mzima bado kijana, mwenye koti jeusi juu ya shuka na simu mbili mkononi. Hakuonekana kushangaa.

"Ng'ombe wa kusimama tu, au wa kutembea?" aliuliza. "Bei si moja."

Penina akavalishwa shuka jekundu lililonunuliwa asubuhi ile kwenye duka la vinyago Karatu, bado likiwa na kibandiko cha bei. Supeet alimtazama, akakohoa, kisha akamwita mkewe aje amfunge upya. "Dada, hilo umelifunga kama taulo," alimwambia Penina kwa upole.

Wakamketisha juu ya jiwe na kompyuta mapajani, ng'ombe nyuma yake, mawingu nyuma ya ng'ombe.

"Andika chochote," Dickson aliagiza. "Haisomeki."

"Nitaandika cha kweli, nikipata mtandao."

"Sogea pale kwenye kichuguu," alisema Supeet. "Ndipo ninaposimama kuulizia bei za mnada. Tumia simu yangu."

Wakahamisha jiwe, ng'ombe na mawingu. Penina akaunganisha kompyuta na simu ya Supeet, akafanya kazi. Mpiga picha alilalamika kwamba hatabasamu. Akalalamika pia kwamba kioo cha kompyuta kimejaa maandishi matupu; haiwezekani kuweka hata picha ya tembo? Penina aliinamia kioo. Alikuwa ameliona kosa. Mstari mmoja tu, uliokuwa ukikisia nchi ya mtumiaji, na hivyo mpangilio wake wa tarehe, badala ya kumuuliza. Akaurekebisha, akajaribu, akajaribu tena, akatuma Nepal.

Jibu lilifika ng'ombe wakiwa wameanza kuchoka na usanii. "Nimepitisha. Kazi safi," aliandika Sarita.

Penina aliruka juu, akapiga kelele zilizowatawanya ng'ombe hadi bondeni. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Mpiga picha, wakati huo, alikuwa ameinama akibadilisha betri.

"Nzuri sana hiyo!" alisema Dickson. "Unaweza kurudia?"

Filamu ilipowekwa kwenye tovuti ya mradi, kichwa chake kilisema: *Binti wa Kimasai ageuza maisha, akichunga ng'ombe wake*. Mama alikuwa wa kwanza kupiga simu.

"Umeolewa Umasaini lini? Na mahari amepokea nani?"

Wa pili alikuwa Supeet, naye hakuwa anatania. "Dada, wameandika ng'ombe ni wako. Mnadani wananiuliza nimeuza lini."

Penina alimwandikia Dickson, akampigia, akamwandikia tena. Dickson alijibu mara moja tu, kwamba filamu imepokelewa vizuri sana. Penina aliona aibu, halafu hasira, na mwisho akamweleza mlezi wake.

"Tovuti ya mradi nayo ni huria," Sarita alimjibu. "Ukikuta kosa kwenye kitu huria, unafanya nini?"

Penina akafanya alichofundishwa. Akafungua ukurasa wa makosa ya tovuti, mahali ambapo kila mtu duniani anaweza kusoma, akaandika: "Kosa: mimi si Mmasai na ng'ombe si wangu. Namna ya kuliona: soma kichwa, kisha niulize." Chini yake akaweka maneno sahihi, tayari kupitishwa.

Haikupita siku, wenzake wa mradi wakaanza kuongezea yao. Kijana wa Kambodia alikuwa amesimamishwa kwenye matope ya mpunga, na baba yake ni daktari wa meno. Msichana wa Bolivia alikuwa amekabidhiwa mnyama ambaye alimtemea mate.

Dickson sasa akapata muda wa kupiga simu. "Ungeniambia tu, dada yangu! Sasa dunia nzima inaona!"

"Ndiyo maana ya huria, kaka Dickson."

Marekebisho yakapitishwa. Ng'ombe hawakuondolewa, maana watazamaji waliwapenda kuliko kitu kingine, lakini kichwa kikasomeka: *Penina Tluway, mtengenezaji wa programu, Karatu. Ng'ombe ni wa Supeet, Endulen.* Miezi ya fildi ilipoisha, wenye programu ya zahanati wakamwajiri Penina moja kwa moja, kwa ombi la Sarita.

Supeet alipiga tena simu, safari hii akiwa na furaha. Tangu jina lake litokee, wapiga picha wengine wawili walikuwa wamemtafuta.

"Nimepandisha bei," alisema. "Wa kutembea ndio wanaotakiwa zaidi."