Povu la Uyoga

Povu lilipopanda hadi kizibo cha kichupa, nilipiga kelele mpaka Mzee Tobia, mwosha vyombo wa maabara yetu hapa Bagamoyo, akaangusha brashi. Povu! Likakaa robo saa nzima bila kutulia. Ile protini ya uyoga niliyoihangaikia mwaka mzima ilikuwa humo, nilijua hivyo kama ninavyojua kuwa naitwa Verdiana. Upande wake mmoja hupenda maji, wa pili huyakimbia, ndiyo maana hutoa povu.

Kazi ilikuwa moja: protini hiyo ivizunguke kama koti vifuko vya mafuta, vidogo kuliko chembe ya vumbi, ili siku moja vibebe dawa bila kuvuja. Dokta Khairat, mkuu wangu, alishanionya. Matokeo yakikosekana leo hadi saa kumi, mradi unafungwa.

Nikachanganya, nikachungulia kwenye hadubini. Vifuko vyote vilikuwa vimepasuka.

Nikarudia. Vikapasuka tena.

"Protini yako inararua utando wa vifuko," Dokta akasema nilipompigia simu, kwa upole ulioniudhi kuliko matusi. "Pole, mdogo wangu. Nakuja tufunge."

Sikukubali. Mimi ni mbishi, hata mama yangu kule Miono anajua. Nikatia maji matupu kwenye kichupa kingine kilichokwisha oshwa, bila uyoga wowote, nikatikisa. Povu likapanda hadi kizibo.

Sabuni! Na sabuni huvunja mafuta, kila anayeosha sufuria anajua. Hasira zikanipanda.

"Mzee Tobia! Umesuuzaje hivi vichupa? Umeniua!"

Alifuta mikono taratibu. "Mwanangu, mimi nasuuza mara saba. Hivyo uliviosha mwenyewe jana. Ulisema mzee nakuchelewesha."

Kweli tupu. Niliviosha kama vikombe vya chai, maji mara moja, basi. Haraka haraka haina baraka, naiimba tangu darasa la pili, na bado.

"Nisamehe, mzee wangu. Nisaidie."

Alikuwa ameshafungua bomba. Akasuuza huku akihesabu kwa sauti hadi saba. Nikatikisa maji matupu: hakuna povu. Nikatoa protini iliyobaki kwenye friji, nikatikisa: povu dogo, zito, kaidi. Hilo ndilo la uyoga! Nikaichanganya protini hiyo na vifuko vipya.

Dokta aliingia nikiwa nimeinamia hadubini. Vifuko vilikuwa vizima, kila kimoja kimezungukwa na pete ya kijani, rangi niliyoitia protini.

"Vimevaa!" nikapiga kelele. "Dokta, vimevaa!"

Aliangalia kwa muda mrefu. Aliponyanyua kichwa alikuwa anacheka peke yake. Kisha akafungua daftari la maabara.

"Na vile vilivyopasuka? Vichupa vyake aliviosha nani?"

Mzee Tobia akageukia dirishani.

"Mimi," nikasema, nikachukua kalamu na kuandika jina langu kamili kwenye daftari.